Farasi anapokula udongo na mbao: maswali kutoka mabanda ya Nairobi

Farasi wangu yuko Karen. Tangu kiangazi kianze analamba udongo na kutafuna mlango wa banda. Je, amepungukiwa madini?

Huenda, lakini kabla ya kununua dawa yoyote, pima nyasi. Farasi wa kilo 450 anahitaji angalau kilo 7 hivi za nyasi kavu kwa siku, na kwa maumbile yake hutafuna mchana na usiku. Ukame ukija na bei ya nyasi kavu aina ya Boma Rhodes ikapanda, wengi hupunguza nyasi na kuziba pengo kwa pumba au chakula cha gunia. Farasi hashindi njaa, ila anakosa cha kutafuna, naye anaugeukia mlango. Muulize saisi, yaani mtunza farasi wako, anapima vipi: kwa mizani au kwa macho?

Kisha tazama chumvi. Nyasi nyingi hazina sodiamu ya kutosha. Farasi mkubwa anahitaji kama gramu 30 za chumvi ya kawaida kila siku, na zaidi akitoka jasho jingi, kama wale wa mbio pale Ngong Road. Mwekee jiwe la chumvi na maji safi yasiyokauka.

Udongo wenyewe una hatari yake, kwa sababu mchanga hutuama kwenye utumbo mpana na kuleta msokoto wa tumbo. Koroga mavi mabichi kwenye ndoo ya maji, uache yatulie. Ukikuta mchanga chini ya ndoo, zungumza na daktari wa mifugo. Usipouona, bado si hakikisho kwamba tumboni hamna.

Ninampa pumba ya ngano kila siku na nyasi za kikuyu zilizokatwa. Ananenepa vizuri. Kuna ubaya?

Upo, na ndio unaonitia wasiwasi kuliko yote hapa kwetu. Pumba ya ngano ina fosforasi karibu mara 10 ya kalsiamu, ilhali farasi anahitaji kalsiamu iwe sawa na fosforasi au izidi, hadi mara 2. Nyasi za kikuyu, na nepia pia, zina oksaleti inayoshika kalsiamu isifyonzwe. Vyote viwili vikikutana, mwili unaanza kuchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa.

Farasi anaweza kunenepa huku mifupa ikidhoofika. Huchechemea leo mguu huu, kesho mwingine, bila jeraha. Hutafuna kwa shida. Baadaye mifupa ya uso huvimba pande zote mbili. Kipimo cha kalsiamu kwenye damu mara nyingi husoma sawa, kwa kuwa mifupa ndiyo inayolipa deni hilo, kwa hiyo majibu mazuri ya maabara yasikutulize. Punguza pumba, changanya Boma Rhodes na lusini, na mwombe daktari akupangie kiasi cha chokaa ya mifugo.

Mtoto wa farasi anakula mavi ya mama yake. Nimzuie?

Hapana. Katika wiki za kwanza ni kawaida. Ndivyo anavyopata vijidudu vya kumsaidia kusaga nyasi. Hakikisha tu mama amepewa dawa ya minyoo. Farasi mkubwa akifanya hivyo, rudi kwenye swali la nyasi.

Fizi zake zimepauka. Nimpe dawa ya kuongeza chuma?

Farasi anayekula nyasi ni nadra kukosa chuma. Fizi zikipauka, tafuta kinachomaliza damu: minyoo au magonjwa ya kupe. Daktari achukue damu na mavi. Vilevile usirundike madini ya seleniamu kwa kubahatisha, maana ikizidi, nywele za shingo na mkia hukatika na kwato hupasuka.

Jirani ana chakula cha ng'ombe wa maziwa chenye madini yote. Naweza kumpa kidogo?

Usimpe hata konzi moja. Baadhi ya vyakula vya ng'ombe na kuku hutiwa dawa iitwayo monensini, ambayo huharibu moyo wa farasi kwa kiasi kidogo tu. Akishakula, dalili ni kukataa chakula, jasho, kulegea na kuhema. Dawa ya kuivunja sumu hiyo haipo, hivyo mpigie daktari mara moja, msimtembeze wala kumkimbiza, na mhifadhi gunia pamoja na lebo yake.