Mashine ya mazoezi inayomfaa mzee

Mzee akianza kuegemea mikono yote miwili ili ainuke kitini, watu wa nyumbani husema ni umri tu. Umri upo, lakini mara nyingi kilichopungua ni misuli ya mapaja na makalio, na misuli hujengeka tena ikipewa kazi. Mwaka 1990, Dkt. Maria Fiatarone na wenzake mjini Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya mazoezi ya mapaja ya wiki 8 kwa watu 10 wa umri wa miaka 86 hadi 96. Kwa 9 waliofika mwisho, nguvu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Ninawakumbusha watu hili kila wanaponiambia mama yao ni mzee mno kwa mashine.

Swali linalofuata huwa: mashine ipi? Usiangalie inabeba kilo ngapi. Angalia inaanzia wapi na inapanda kwa hatua gani. Kwenye mashine nyingi za vyuma unahamisha pini ili kubadili mzigo, na bamba moja huwa na kilo 5 au zaidi. Kijana hata hazihisi. Lakini mama anayesukuma kilo 10 akiongezewa bamba moja, amepewa nusu nzima ya mzigo wake kwa mkupuo. Goti likimuuma siku hiyo, kumrudisha ni kazi.

Ndiyo maana napendelea mashine za hewa pale zinapopatikana. Mahali pa vyuma pana silinda ya hewa iliyoshindiliwa kwa kompresa. Mzigo unaanza karibu na sifuri, na kitufe kinauongeza kidogo kidogo. Tena kuna jambo kubwa zaidi. Chuma kikisukumwa kwa kasi huendelea kwenda chenyewe, misuli ikapumzika katikati ya safari, kisha kiungo kikapokea mtikiso mwishoni. Hewa haina uzito wa kujiendesha hivyo, kwa hiyo hata ukisukuma haraka bado inakukinza. Mzee anaihitaji sana kasi hiyo, kwa sababu uwezo wa kutoa nguvu kwa haraka hupungua upesi kuliko nguvu zenyewe. Anapojikwaa, mguu wa pili lazima uwahi mbele, na hauwahi kwa nguvu za polepole.

Mashine za haidroliki, zinazokinza kwa mafuta yaliyo ndani ya silinda, nazo ni salama na rahisi, ila hukinza pale tu unapozisukuma au kuzivuta. Hakuna mzigo unaokurudisha nyuma, ilhali kuketi taratibu na kushuka ngazi ni kazi ya misuli inayorefuka huku ikibeba.

Siku hizi zipo mashine zinazosoma kadi ya mtumiaji, zikapanga kiti na mzigo na kuhesabu marudio zenyewe. Ni msaada wa kweli kwa anayesahau. Hata hivyo kadi haioni shingo iliyokakamaa na midomo iliyofumbwa ya mtu aliyebana pumzi, na kubana pumzi chini ya mzigo hupandisha shinikizo la damu ghafla. Msimamizi akae pale amwambie: toa pumzi unaposukuma, vuta unaporudisha. Kabla ya yote, amtazame anavyoingia na kutoka. Kiti kisichokuwa na vishikio, au kinachomlazimu kuruka chuma ili akalie, hakimfai, hata teknolojia yake iwe nzuri namna gani.

Kosa ninaloliona zaidi ni huruma: mzee anaachiwa mzigo uleule mwepesi miezi mizima. Mwanzoni ni sawa, ajifunze mwendo. Baada ya hapo, mzigo unaofaa ni ule ambao akimaliza marudio 10 au 12 anahisi angeweza mawili au matatu zaidi, basi. Ukigeuka mwepesi, ongeza. Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki.

Mwenye maumivu ya kifua, shinikizo la damu lisilodhibitiwa au mfupa uliovunjika karibuni amwone daktari kwanza. Na ambaye mifupa ya mgongo imedhoofika aiepuke mashine ya tumbo inayomkunja mbele. Ile ya kusukuma kwa miguu, akiwa ameegemeza mgongo vizuri, ni mahali pazuri zaidi pa kuanzia.