Mti wa sintaksia wa Python: dhana potofu na ukweli, kwa mfano wa malipo ya korosho

Tuchukue mstari mmoja kutoka faili la malipo.py, programu ndogo ya lugha ya Python ya kukokotoa malipo ya mkulima katika AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima) ya Tandahimba au Newala:

malipo = kilo * bei - makato

Kabla ya kuutekeleza, Python huuchanganua na kuujengea mti wa sintaksia, yaani mchoro wa matawi unaoonyesha sehemu za mstari na zinavyoshikana; kila sehemu huitwa nodi. Mti huo unaweza kuuchapisha na kuusoma.

Dhana: lazima programu iendeshwe ndipo mti uonekane.

Si kweli. Kwenye Python 3.9 na kuendelea, fungua terminali uandike `python3 -m ast malipo.py` (kwenye Windows, `py -m ast malipo.py`). Faili huchanganuliwa tu, halitekelezwi, kwa hiyo haijalishi kama `kilo` haijapewa thamani. Moduli ya ast huja na Python yenyewe, hata bando likiisha utaendelea na kazi. Kinachokwamisha ni sintaksia mbovu: bano moja lisipofungwa hupati hata nusu ya mti, unapata SyntaxError na namba ya mstari.

Dhana: `print(ast.parse(...))` inatosha.

Kwenye matoleo mengi utaona jina la nodi na anwani yake kwenye kumbukumbu, basi. Tumia `print(ast.dump(mti, indent=2))`, ambapo `mti` ni kile kilichorudishwa na `ast.parse(...)`. Kabla ya 3.9, `indent` haikuwepo na huleta TypeError. Kuanzia 3.13 orodha tupu hazionyeshwi, hivyo usishtuke `type_ignores=[]` ikikosekana.

Dhana: mti ukitoka bila kosa, hesabu ni sahihi.

Hii ndiyo dhana yenye hasara kubwa. Tazama mti wa upande wa kulia wa `=` kwenye mstari wetu (BinOp ni kitendo chenye pande mbili, Mult ni kuzidisha, Sub ni kutoa, Name ni jina, na Load() huonyesha kuwa jina linasomwa):

```
BinOp(
  left=BinOp(
    left=Name(id='kilo', ctx=Load()),
    op=Mult(),
    right=Name(id='bei', ctx=Load())),
  op=Sub(),
  right=Name(id='makato', ctx=Load()))
```

Wengi husoma kuanzia juu na kudhani Sub hufanyika kwanza. Ni kinyume: kitendo cha juu husubiri matawi yake yakamilike, hivyo hufanyika mwisho. Hapa kuzidisha kumekamilika, ndipo makato yakatolewa mara moja tu kwenye jumla.

Lakini kama makato yako ni ya kila kilo? Tuseme kilo 250, bei shilingi 3,000, makato shilingi 150 kwa kilo. Mstari huu unatoa 749,850. Malipo halali ni 712,500, na tofauti ya 37,350 itaonekana tu siku vitabu vinapolinganishwa. Andika `kilo * (bei - makato)`, uchapishe tena: Mult sasa iko juu, na Sub imeingia ndani ya `right`. Fomula yoyote inayogusa fedha ya mkulima inastahili kukaguliwa hivi kabla ya mnada.

Jina lililokosewa nalo hupita. Ukiandika `bie` badala ya `bei`, utapata `Name(id='bie', ctx=Load())` bila lawama; NameError huja wakati wa kuendesha.

Dhana: mti una kila kitu kilichoandikwa.

Aliyechora matawi ya sentensi sekondari amezoea kuona kila neno likitua chini ya mchoro. Hapa sivyo. Mabano hayana nodi yake, yanabaki kama umbo la mti tu. Maelezo yanayoanza na `#` yanatoweka, na `3_000` inakuwa 3000. Kwa hiyo usichukue matokeo ya `ast.unparse`, inayogeuza mti kuwa msimbo tena, ukayahifadhi juu ya faili la awali: maelezo yote kuhusu makato ya msimu yatapotea.

Ukitaka kubadilisha kipande kimoja, tumia `lineno` (namba ya mstari) na `col_offset` (nafasi ndani ya mstari) za nodi yake kukitafuta, kisha hariri maandishi ya awali. `lineno` huanzia 1, `col_offset` huanzia 0 na huhesabu baiti za UTF-8, si herufi. Alama iliyopinda ya ng’ ni baiti 3. Ikitangulia kwenye mstari, geuza mstari kuwa baiti kwanza ndipo ukate, la sivyo utakata nafasi mbili mbele ya ulipokusudia.