Kupiga msuli: yanayosemwa barazani na yanayotokea kwenye karatasi ya mtihani

Kuanzia Agosti hivi, ukipita Ngamiani, Tanga, jioni humkosi mtoto wa kidato cha nne kakaa barazani, daftari mapajani, peni ya rangi mkononi, kurasa zote zimegeuka njano. Huyo si mvivu. Lakini Januari matokeo yakitoka, majirani hao hao watauliza, "Si alikuwa anakesha huyu?" Alikesha kweli. Tuangalie alichokuwa anafanya usiku kucha.

"Ukurasa huu nimeusoma mara tano, umeshaingia."

Ulichopata ile mara ya tano ni kuuzoea ukurasa. Macho yanaujua mchoro, yanajua maelezo yanaanzia wapi, na akili inadhani imejua. Kutambua kitu kilicho mbele yako ni kazi nyepesi, ila chumba cha mtihani kinataka ukitoe kichwani kikiwa hakipo.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Baadhi waliambiwa wasome tena, wengine wafunge na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliosoma tena waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliosoma tena walibaki na 42, waliojiuliza wakawa na 56. Ndiyo maana kusoma usiku wa kuamkia jaribio kunadanganya. Asubuhi unapata alama nzuri, mwezi ukiisha hamna kitu.

Aliyepita madrasa anaijua kazi hii, hata kama hakuwahi kuipa jina. Hakuna ustadhi anayeridhika na "sura hii nimeisoma". Msahafu unafungwa, unasoma kwa moyo, ukikwama unarudishwa, na sura za zamani zinapitiwa kabla ya kuongezwa mpya. Ajabu ni kwamba mtoto huyohuyo akifika kwenye Baiolojia anaacha daftari wazi.

Chukua swali la dunia kama tufe. Tanga iko nyuzi 5 Kusini, Addis Ababa nyuzi 9 Kaskazini, zote karibu na nyuzi 39 Mashariki. Umbali ni kilometa ngapi? Aliyeutazama mfano uliokwisha kufanywa anaona ni rahisi. Mpe karatasi tupu uone: anatoa 5 kwenye 9, anapata 4, anaishia kilometa 447. Miji iko pande mbili za Ikweta, kwa hiyo nyuzi zinajumlishwa: 14. Gawa kwa 360, zidisha kwa 2 × 3.14 × 6400, yaani mzingo wa dunia kwa kilometa, utapata kama kilometa 1,563. Hizo 447 kutoka Tanga hazikufikishi hata Ikweta! Kosa la namna hii halionekani kamwe daftari likiwa wazi.

Kwa dakika 30 fanya hivi: 15 za kusoma mada ndogo moja, 10 za kuandika kila unachokumbuka daftari likiwa limefungwa, 5 za kusahihisha kwa peni nyekundu. Masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza, eleza kwanza kwa Kiswahili chako cha nyumbani, kisha andika kwa Kiingereza. Ukishindwa hatua ya kwanza hukuelewa; ukishindwa ya pili tu, tatizo ni msamiati. Hizo ni dawa mbili tofauti, na wengi wanakunywa moja kwa magonjwa yote.

Vile vyekundu ndivyo vinavyoandikwa kwenye kadi. Shiti moja ya manila ukiikunja katikati mara tano unapata vipande 32, vinazidi kiganja kidogo. Swali mbele, jibu nyuma, vyote kwenye boksi la viatu. Kadi mpya inarudi kesho, ukiipata inarudi baada ya siku 3, kisha 7, kisha 21. Ukiikosa, inaanza upya. Kinachoharibu boksi ni kujaza kadi moja maelezo ya nusu ukurasa: utapata nusu ya jibu na utajipa pasi. Kadi moja, swali moja.

"Fanya siku 21 tu, itakuwa mazoea."

Namba hii ina asili yake. Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura Marekani, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji walau siku 21 kuizoea sura mpya. Alizungumzia pua, hakugusa habari ya kusoma, na hata hivyo alisema *walau*. Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa London walifuatilia watu 96, kila mmoja na tendo lake jipya la kila siku. Kwa mtu wa katikati ilikadiriwa siku 66 kabla tendo halijaanza kujiendea lenyewe. Wapo wa siku 18, na wapo wa 254. Walichogundua pia, ambacho husikii kikisemwa, ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mwendo.

Kwa hiyo anayeanza Septemba kwa mtihani wa Novemba asitegemee mazoea yamsukume. Atajisukuma mwenyewe mpaka mwisho. Wa kidato cha tatu ana muda.

"Lazima ratiba ya saa, ibandikwe ukutani."

Inategemea nyumba. Kwenye nyumba za Sahare au Mwambani zinazoishi kwa maji ya bahari, kujaa na kupwa kunasogea kama dakika 50 kila siku. Mtoto anayemsaidia baba ufukweni saa kumi leo, kesho ni karibu saa kumi na moja. Ratiba inayosema "saa kumi na moja: Kemia" imekufa kabla ya Jumatano. Funga kusoma kwenye jambo ambalo lazima litokee: baada ya isha, au vyombo vya chakula cha usiku vikishaoshwa. Mahali pawe palepale, na boksi la kadi likae hapo hapo mezani, maana kutafuta daftari dakika kumi kunatosha kuua hamu. Taa ya sola iwe imechajiwa mchana. Umeme hauna ahadi na mtu.

"Bila kukesha hufaulu."

Usingizi ndio unaotuliza ulichosoma kichwani, na kijana wa umri huo anahitaji saa 8 hadi 10. Miguu kwenye beseni la maji baridi inakuweka macho tu. Kahawa chungu ya saa tatu usiku, kwa watu wengi, saa nane bado nusu yake iko mwilini.

"Tuisheni ndiyo inafaulisha."

Tuisheni inafafanua, na mwalimu mzuri ana thamani yake. Ila saa mbili za kumtazama akifanya hesabu ubaoni ni kurasa za njano kwa sura nyingine. Ukitoka huko, fanya maswali 12 peke yako: 4 ya mada ya leo, 8 ya mada za zamani, yamechanganywa. Kwenye karatasi ya mtihani hakuna anayekunong'oneza utumie kanuni ipi.

"Nimejitahidi miezi mitatu, sijapanda."

Hapa wanakata tamaa hata walio kwenye njia sahihi. C ya kidato cha nne inaanzia alama 45 hadi 64. Aliyetoka 46 akafika 63 amepanda alama 17 na bado ana C ileile. Mwenzake ametoka 41 kwenda 45: alama 4 tu, D imekuwa C. Na kama huyo alikuwa na pointi 22 katika masomo yake saba bora (pointi zikipungua ndiyo bora), sasa ana 21, ametoka daraja la tatu kuingia la pili. Mtaani atasifiwa yeye.

Kwa hiyo nyuma ya daftari andika namba, usiandike herufi. Kila wiki mbili fanya mtihani mmoja wa miaka iliyopita kwa muda wake kamili, usahihishe kwa ukali, uandike tarehe na alama. 46, 49, 48, 53. Ile 48 isikutishe. Angalia ni maswali gani yaliyoiangusha, yatengenezee kadi, na uyarudishe kwenye boksi usiku huohuo.