Karatasi ya kuachishwa jeshi inapomfunga kijana: bodi za Marekani hupimaje ombi la kuibadilisha

Mama mmoja wa Likoni alivuka feri asubuhi na mapema, akafika ofisini kwetu na bahasha ya plastiki mkononi. Ndani mlikuwa na karatasi moja tu. "Mwanangu," akaniambia, "hii ndiyo wanayosema imemharibia kijana wangu. Mbona nimemwambia mjukuu anisomee mpaka mwisho, neno baya hakuna?"

Alikuwa na haki ya kushangaa. Aliyoleta ni nakala fupi ya Fomu DD 214, karatasi anayopewa kila mwanajeshi wa Marekani anapotoka kazini. Nakala hiyo imekatwa visanduku vya chini. Aina ya kuachishwa imeandikwa kisanduku namba 24, na sababu yake namba 28, na vyote viwili vimo kwenye nakala ndefu, ile yenye maandishi ya Member-4 pembeni chini. Mwenye jina huiomba kwa Fomu SF 180, bila ada. Hapo ndipo pa kuanzia. Mtu hawezi kupinga neno ambalo hajaliona.

Si mama huyo peke yake. Wapo vijana wa Pwani waliokwenda Marekani kwa masomo au kwa grini kadi, wakaishia kuvaa sare. Mwaka 2009 jeshi la huko lilianzisha mpango uitwao MAVNI, wa kuandikisha wageni wenye ujuzi wa udaktari au lugha, na Kiswahili kilikuwa katika orodha ya lugha zilizotakiwa. Malipo yake yalikuwa njia ya haraka ya kupata uraia. Kijana wa mama huyu aliingia kwa mlango huo, akapelekwa Afghanistan, na mwaka 2013 akatolewa jeshini baada ya kipimo cha mkojo kuonyesha bangi.

Kutoka jeshi la Marekani kuna ngazi tano. Ya juu ni kuachishwa kwa heshima. Inayofuata huitwa ya jumla, bado iko upande wa heshima ila yenye doa, na mwenye nayo hukosa fedha za masomo. Ya tatu, aliyopata kijana wetu, ni ya hali isiyo ya heshima. Mbili za mwisho, ya mwenendo mbaya na ya aibu, hutolewa na mahakama ya kijeshi tu, na ile ya aibu haitolewi ila na mahakama ya juu kabisa kati ya hizo.

Kwa Mkenya, ngazi hiyo ya tatu ina mwiba ambao Mmarekani wa kuzaliwa hana. Aliyepata uraia kwa sababu ya utumishi wa kijeshi anaweza kunyang'anywa uraia huo akiachishwa katika hali isiyo ya heshima kabla hajatimiza miaka mitano ya utumishi mwema. Kijana aliyeingia 2009 na kutoka 2013 apige hesabu mwenyewe. Ndiyo maana huwa nakasirika nikisikia mtu anashauriwa aiache tu hiyo karatasi, maisha yaendelee.

Kuna uvumi mwingine ambao umedumu miaka: kwamba baada ya miezi sita karatasi hujibadilisha yenyewe ikawa ya heshima. Haijibadilishi. Wapo walioambiwa hivyo na wakubwa wao siku ya kutoka, wakakaa wanangoja, muda ukawapita.

Na muda una kikomo. Bodi ya kupitia uachishwaji, ambayo kila idara ya jeshi ina yake, hupokea Fomu DD 293 ndani ya miaka 15 tangu siku ya kutoka. Ikipita, au kama uamuzi ulitoka mahakama ya kijeshi ya juu, mtu huenda bodi ya kurekebisha kumbukumbu kwa Fomu DD 149. Huko sheria inasema miaka mitatu tangu kosa la kumbukumbu ligundulike, lakini bodi inaweza kusamehe uchelewaji ikiona haki inadai hivyo. Kote kuwili hakuna ada. Dalali akikudai pesa "za kufungua faili", mwachie chai yake uondoke. Na wasiwasi wa kwamba utapewa karatasi mbaya kuliko uliyonayo uuweke kando, kwani bodi haina ruhusa ya kukushusha.

Sasa kiini chenyewe. Mama alikuwa ameandika barua, kwa Kiswahili kizuri sana, ya kuomba msamaha. Kijana wangu ni mwema, anaswali, anaheshimu wakubwa, tafadhali mumhurumie. Nilimwambia kwa upole kwamba barua hiyo haitamsaidia sana. Bodi huanza na dhana kwamba wakuu wa kijana walifuata taratibu, na ni juu ya mwombaji kuonyesha vinginevyo. Inauliza mambo mawili. Je, kanuni ilivunjwa kwa namna iliyomdhuru? Na kama haikuvunjwa, je, adhabu ilikuwa ya haki ukitazama utumishi wake wote na yaliyompata? Kesi nyingi tunazoziona hazina pa kushika kwenye swali la kwanza. Zinasimama au kuanguka kwenye la pili.

Hapo ndipo maagizo ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani yanapoingia. Waraka wa waziri wa mwaka 2014 ulizitaka bodi za kumbukumbu ziyatazame kwa jicho la upana maombi ya waliopata kiwewe cha vita, na waraka wa 2017 ukapanua hilo kwa majeraha ya ubongo, maradhi mengine ya akili, na waliodhalilishwa kingono wakiwa jeshini. Maswali yake ni manne na yanafuatana: je, kulikuwa na ugonjwa au tukio linaloweza kupunguza uzito wa kosa? Lilitokea wakati wa utumishi? Kweli linapunguza? Na linazidi uzito wa kosa lenyewe? Mtu asiye na faili la hospitali asikate tamaa, kwa kuwa waraka unakubali kwamba maneno ya mwanajeshi mwenyewe yanaweza kutosha kuonyesha tukio lilikuwepo. Lakini kiungo lazima kionekane. Bangi ya kujaribu kupata usingizi baada ya bomu la barabarani ni kesi moja. Kuiba mali ya kambi na kuiuza ni nyingine, na kiwewe hakiifuniki kirahisi.

Tukaikalia barua upya. Nikamuuliza: mama, aliporudi likizo ulimwonaje? Akanyamaza kidogo. Kisha akasema hakulala kitandani. Alilala sakafuni, karibu na mlango, viatu miguuni. Upepo ulipobamiza mlango wa mabati wa jirani, alikuwa keshafika uani kabla mama mwenyewe hajaamka. Kabla ya safari ile alikuwa mtu wa kulala mpaka jua la saa nne. Ilikuwa Desemba 2012, anakumbuka kwa sababu dada yake aliolewa mwezi huo.

Hiyo ndiyo barua. Tarehe, alichokiona kwa macho yake, na tofauti kati ya kijana wa kabla na wa baada. Tuliiacha kwa Kiswahili chake, tukaambatanisha tafsiri ya Kiingereza na tamko la mfasiri. Halafu yakaongezwa mengine: barua ya daktari wa akili anayeeleza dalili na zilianza lini, barua pepe za zamani alizomwandikia dada yake, cheti cha tabia njema kutoka polisi kilichoombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, na barua ya mwajiri wake wa sasa. Haya ya mwisho yana uzito, kwa sababu waraka wa 2018 unaziruhusu bodi kutazama mtu ameishije tangu atoke.

Kwenye maelezo yake mwenyewe tulimsihi asikane bangi. Kipimo kimo ndani ya faili, na wajumbe wa bodi watakuwa nalo mezani. Anayekana kilichoandikwa hupoteza na yale ambayo yangeaminiwa.

Jambo moja la mbinu: unaweza kuomba bodi isome makaratasi kwanza, na ukikataliwa uombe kusikilizwa ana kwa ana au kwa video. Ukianza na kusikilizwa, ile nafasi ya makaratasi umeshaitupa. Maamuzi ya zamani, majina yakiwa yameondolewa, yamewekwa wazi na wizara. Tafuta linalofanana na lako usome walikubali nini na walikataa nini.

(Aliyetoka KDF, yaani jeshi la Kenya, njia yake ni nyingine kabisa, ingawa kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa kiutawala unapomgusa haki zake. Hilo tutalizungumza siku yake.)

Kilichobaki kilikuwa sahihi. Mama alitaka kusaini, nikamwambia haiwezekani, mwenyewe yu hai na ana akili timamu. "Hapendi kuja mjini," akasema. Alhamisi akamleta. Kijana alisalimia, akakiacha kiti nilichomwekea mbele ya meza, akavuta kile cha karibu na mlango, na akaisoma barua ya mama yake mara mbili kabla ya kuomba kalamu.