Rimu ya Diski kwenye Pikipiki ya Dramu: Nguvu ya Breki Hushikilia Wapi?

Swali ninaloulizwa sana katika karakana yangu hapa Malindi ni kama gurudumu la mbele la pikipiki yenye breki ya diski laweza kufungwa kwenye pikipiki iliyoundwa kwa breki ya dramu, mfano wa zile Boxer za kubebea abiria. Anayeuliza kwa kawaida ameshapata rimu ya aloi kwa bei nzuri, ameilinganisha na yake, akaona zote ni inchi 17, akaridhika. Kuingia itaingia, au italazimishwa kuingia. La kujiuliza ni nguvu ya breki itashikilia wapi.

Katika breki ya dramu, viatu vya breki hukaa juu ya bamba lisilozunguka. Vinapobana ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, bamba hilo huvutwa lizunguke pamoja na gurudumu, na kinacholizuia ni sikio dogo la mguu wa shokabzoba lililoingia katika mfereji wa bamba. Kwa hiyo bamba la modeli nyingine, ambalo mfereji wake haukukaa sawasawa kwenye sikio, ni hatari kubwa kuliko kutokuwa na breki kabisa: dereva akibana liva, bamba hugeuka, waya hujiviringisha, na gurudumu hukwama ghafla.

Breki ya diski haina haja ya sikio hilo. Kalipa, yaani kifaa kinachobana diski, hufungwa kwa bolti kwenye vishikio vilivyosubiwa pamoja na mguu wa shokabzoba, na mguu wa dramu hauna vishikio hivyo. Wako wanaotaka kuchomelea kipande cha chuma, ilhali mguu wenyewe ni wa alumini, na chuma hakishiki juu ya alumini kwa kulehemu kwa kawaida. Hata kipande kikiwa cha alumini, joto la kulehemu hudhoofisha sehemu ile ile itakayobeba mzigo wa breki. Kazi hiyo siifanyi, hata mteja awe ndugu yangu.

Ninachokubali ni kuhamisha sehemu yote ya mbele kutoka pikipiki moja ya diski: shokabzoba, ekseli, gurudumu, kalipa, mpira wa mafuta na pampu ya kwenye usukani. Pampu na kalipa zisitenganishwe, kwa kuwa zilipimwa pamoja. Pistoni ya pampu ikiwa kubwa mno, liva huwa ngumu na breki hafifu, na ikiwa ndogo mno, liva hugusa mpini kabla breki haijashika. Kabla ya kulipa, pima unene na urefu wa mabomba ya shokabzoba, uangalie pia kifaa kinachoendesha waya wa spidomita, ambacho kwa pikipiki nyingi za dramu kimo ndani ya bamba la breki.

Kuhusu ekseli, wengi hudhani tofauti humalizwa kwa kubadilisha beringi. Beringi ya 6301 ina tundu la milimita 12 na kipenyo cha nje cha milimita 37, na ya 6302 ina 15 kwa 42. Kwa hiyo 6301 haiwezi kukaa katika habu iliyochongwa kwa 6302. Bushi yenye unene wa milimita 1.5 yaweza kuziba nafasi kati ya ekseli ya 12 na beringi ya 15, mradi ichongwe kwenye mashine na fundi anayejua kupima. Bati la kopo lililokunjwa, ambalo nimelikuta humo zaidi ya mara moja, si bushi.

Pwani yetu ina lake pia. Hewa ya chumvi hushikisha kutu pini na pistoni ya kalipa, na mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu, yakachemka kwa joto dogo kuliko yakiwa mapya; mimi huyabadilisha kabla ya miaka 2 kutimia. Ndiyo maana anayebeba magunia kwa mwendo wa pole katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni humshauri abaki na dramu yake, anunue viatu vipya vya breki, na pesa ya diski aiweke kwenye tairi.