Mchango wa moshi wa kuni kwenye hewa ya mji: maana yake nini na unapimwaje

Mtu akisema kuni za majumbani zinachangia kiasi fulani cha uchafu wa hewa ya mji, muulize kwanza amejuaje. Maana moshi ukishapanda unachanganyika na vumbi, moshi wa bodaboda na malori, takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba, na kipimo cha kawaida cha PM2.5, yaani chembechembe zisizozidi maikromita 2.5 zile zinazoingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, kinakupa jumla ya vyote, hakikwambii kipi kimetoka wapi. Mchango wa kuni ni ile sehemu unayoweza kuonyesha kwa ushahidi kwamba imetoka kwenye kuni.

Ushahidi wenyewe ni kama huu. Kuni ikiungua, selulosi ya mti inavunjika na kutoa aina ya sukari inaitwa levoglukosani, dizeli na petroli hazitoi kitu hicho, kwahiyo ukivuta hewa kupitia filta siku nzima afu maabara wakaikuta humo, ujue kuna mti au majani yameungua. Kuna na kaboni 14, aina ya kaboni ambayo mimea inaipata hewani ikiwa hai, mti uliokatwa juzi bado unayo ila mafuta yamekaa ardhini mamilioni ya miaka na kaboni 14 inapungua nusu kila miaka 5,730, imeshaisha. Njia nyingine ni mwanga, moshi wa kuni una vitu vya rangi ya kahawia vinavyomeza mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 370 zaidi kuliko masizi ya dizeli, mashine inalinganisha na mwanga wa nanomita 880 na inatoa majibu hapo hapo.

Ulaya wamezitumia sana njia hizi majira ya baridi, watu wakiwasha kuni kupasha nyumba joto. Hapa Tabora baridi yetu ni ya mwezi wa 6 na wa 7, usiku anga jeupe, ardhi inapoa haraka, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu yake na moshi wa jikoni unabanwa chini kama sufuria iliyofunikwa mpaka jua lipande. Yaani kuni zikiwa zilezile kipimo kitapanda tu, hilo watu wengi hawalizingatii.

Ila kinachonisumbua zaidi ni mkaa. Selulosi yake imeshaungulia kule kwenye tanuru porini, kwahiyo jiko la mkaa linatoa levoglukosani kidogo sana, na mji kama wetu unaopikia mkaa ukipimwa kwa sukari hiyo peke yake utaonekana msafi kuliko ulivyo! Kaboni 14 ya mkaa inaonekana, hapo inasaidia. Na miezi hiyohiyo ya baridi ndo kiangazi, misitu ya miombo inaungua huko wilaya za Sikonge, Urambo, Kaliua, wanaowasha ni warina asali, wanaosafisha mashamba, wafugaji wanaotaka majani mapya, na moto huo unatoa sukari ileile ya kuni za mama aliyeko Ng'ambo hapa mjini. Mtu akimbebesha mama wa jikoni moshi wote huo anamwonea kabisa.

Ndo maana kifaa kimoja katikati ya mji hakitoshi. Weka kingine nje ya mji upande upepo unakotokea, kwetu miezi hiyo ni mashariki na kusini mashariki, toa cha nje kwenye cha mjini, afu angalia saa: moshi wa jikoni unapanda alfajiri na jioni watu wakipika, moshi wa porini unafunika mji na nje kwa pamoja.