Kunukuu hotuba ya video kwa mtindo wa namba ni kufanyaje?

Mtindo wa namba ni ule ambao ndani ya maandishi huweki jina la mtu na mwaka, unaweka namba tu kwenye mabano, mfano [3], alafu msomaji anashuka mpaka kwenye marejeo anakuta namba 3 ni nani na kasema wapi. Mitindo ya namba inayojulikana ni miwili, watu wa uinjinia wanatumia sana ule unaoitwa IEEE, wa udaktari na uuguzi wengi ule unaoitwa Vancouver. Namba zinafuata nani katajwa kwanza, sio alfabeti, na ukirudia chanzo kilekile unarudia namba ileile.

Sasa kwenye video ndo watu wanaharibu, mtu anabandika linki tupu ya YouTube anaona kamaliza. Video ikifutwa je? Namba yako inabaki haielekezi popote.

Chukua William Kamkwamba, yule kijana wa Malawi aliyetengeneza kinu cha upepo kwa vyuma chakavu. Alipanda jukwaa la TED, yale makongamano ya hotuba fupi zinazowekwa mtandaoni, Arusha mwaka 2007, akapanda tena Oxford 2009, na stori ni ya kinu kilekile, sasa ukiandika Kamkwamba, TED, basi, supavaiza atajuaje unasema ipi? Kwa IEEE unaanza na W. Kamkwamba, inafuata kichwa cha hotuba kama kilivyo bila kutafsiri, ile ya Arusha inaitwa How I Built a Windmill, kisha tarehe video ilipotolewa, tarehe uliyoifungua wewe, unataja kwenye mabano ya mraba kwamba ni video ya mtandaoni, mwisho linki nzima. Na angalia hizo tarehe, siku aliyoongea na siku video ilipowekwa mtandaoni mara nyingi ni tofauti. Vancouver inataka karibu mambo hayohayo, mpangilio na alama ndo vinabadilika, hapo fuata mwongozo wa chuo chako.

Jina la mbele liwe la mzungumzaji jamani. Chaneli iliyokata kipande ikakirusha upya sio mwenye maneno, tafuta rekodi ya asili, na mara nyingi ipo.

Halafu video haina kurasa, kwa hiyo ukinukuu maneno yake yenyewe weka dakika na sekunde palepale ulipoweka namba, wengi wanaandika hivi [3, 02:10], ili anayekusahihisha aende moja kwa moja kusikiliza kama kweli alisema hivyo.